Uliza Wati Kabla ya Kilo

Gridi ya Taifa ilifika Kibondo na Kasulu mwaka 2022, ikipitia Nyakanazi. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, umeme wa miji hii miwili ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na aliyeishi mbali na mji alijitegemea kwa sola au kwa kibanda cha kuchajia simu. Leo nguzo zimesogea vijijini, lakini mwalimu wa Mabamba au muuguzi wa Busunzu bado anajua kwamba umeme unaweza kukatika saa mbili usiku, ripoti ikiwa nusu. Kwa hiyo mtu wa nyanda hizi za juu za Kigoma anayetafuta kompyuta mpakato nyepesi na ya bei nafuu, nashauri asianze na mizani. Aanze kwa kuuliza mashine inakula wati ngapi.

Wati ni kasi ya kutumia nishati. Betri nayo hupimwa kwa wati-saa: yenye wati-saa 50 itaendesha kifaa cha wati 50 kwa saa moja, au cha wati 5 kwa saa kumi. Chukua mashine mbili zenye betri za ukubwa huo. Ya kwanza ni nene, ya zamani, inakula wati 25 hata ukiwa unaandika barua tu. Itazima baada ya saa mbili. Ya pili inakula wati 7; itakufikisha saa saba. Sasa betri zichakae, kama betri zote za lithiamu zinavyochakaa, zibaki na wati-saa 30. Ya kwanza inakupa saa moja na dakika 12. Ya pili bado ina saa nne na robo, na hizo zinatosha kujumlisha alama za mkondo mzima wa darasa na kuandika ripoti za wazazi. Mashine yenye matumizi madogo huistahimili betri iliyochoka. Na betri iliyochoka ndiyo inayokuja na kompyuta za mtumba, ambazo ndizo wengi wetu tunazozimudu.

Hata uzito wa begi unaanzia hapo. Karibu kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka ikiwa joto, na joto lazima liondolewe kwa vipande vya shaba, feni na matundu ya hewa. Joto likipungua, shaba inapungua, feni inakuwa nyembamba, chaja inakuwa ndogo. Watu husahau kupima chaja. Mashine iliyotangazwa kuwa na kilo moja na nusu hukaribia kilo mbili ukiongeza tofali lake la wati 90 na nyaya zake.

Ndani ya prosesa kuna transista kwa mamilioni na mabilioni, swichi ndogo mno zinazowaka na kuzima. Kila swichi inapobadilika, chaji kidogo ya umeme hujazwa kisha humwagwa, na nishati inayotumika hufuata kipeo cha pili cha volti. Ukishusha volti kwa asilimia 10, unaokoa karibu asilimia 19 ya nishati hiyo hata kama kasi ya kazi ingebaki ileile. Ndiyo maana watengenezaji wamehangaika kwa miongo mingi kuzifanya transista ziwe ndogo na ziridhike na volti chache. Mtafiti Jonathan Koomey na wenzake walipopitia historia ya kompyuta tangu miaka ya 1940, waliona kwamba hesabu zinazoweza kufanywa kwa kiasi kilekile cha nishati ziliongezeka maradufu kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Kasi hiyo imepungua tangu kuingia kwa karne hii, ila haijakoma. Umri wa prosesa, basi, una uzito kuliko unene wa kasha lake.

Kompyuta ya Osborne 1, iliyouzwa mwaka 1981 kama kompyuta ya kubebeka, ilikuwa na kilo 11 hivi na haikuwa na betri yake. Ulibeba mzigo huo kisha ukatafuta soketi. Waliolichukua suala la wati kwa uzito wote ni watu wa mradi wa One Laptop per Child, uliotangazwa mwaka 2005 na Nicholas Negroponte kwa ahadi ya kompyuta ya mtoto kwa dola 100. Mashine yao, XO-1, ilitoka mwaka 2007 ikiwa na kilo moja na nusu hivi. Skrini yake, iliyobuniwa na Mary Lou Jepsen, ilisomeka juani taa yake ikiwa imezimwa, na mtoto aliyesoma kitabu tu alitumia wati chache sana. Bei haikufika dola 100, ilikaribia 200. Majirani zetu wa Rwanda waligawa zaidi ya mashine 200,000 za mradi huo mashuleni. Mengi yameandikwa juu ya kasoro zake, hasa walimu kuachwa bila mafunzo ya kutosha, na lawama hizo ni za haki. Lakini wazo la kubuni kompyuta kuanzia kwenye umeme uliopo kijijini lilikuwa sahihi, na nasikitika kwamba soko la kawaida halikulibeba lilivyo.

Sisi tunanunua kilichobuniwa kwa ajili ya wengine, kwa hiyo tujifunze kukisoma. Kwenye prosesa za Intel, jina lenyewe linasema mengi. Tazama i5-8250U. Tarakimu 8 inayofuata kistari ni kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Herufi U inaonyesha kwamba ilitengenezwa kwa matumizi madogo: wati 15 inapofanya kazi mfululizo, na pungufu sana unapoandika. Ukikuta H au HQ mwishoni, mara nyingi ni wati 45, mashine ya michoro na video, na betri yake itakimbia. Ukikuta M, kama i5-2520M, hiyo ni ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, wati 35. Kizazi cha nane kina jambo la pekee. i5-7200U iliyotangulia ilikuwa na viini viwili vya kuchakata; 8250U ina vinne, ndani ya wati zilezile 15. Ni nadra mnunuzi wa mtumba kupata zawadi ya namna hiyo kwa kusoma tarakimu moja.

Maofisi ya Ulaya na Marekani yalinunua mashine za kizazi hicho kwa wingi, yakazitumia miaka michache, yakazitoa. Nyingi huingia kwetu, nyingine kupitia Dubai, zikafika Kariakoo na kutoka huko kupanda basi hadi Kasulu. Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 ni za kundi hili: zina kilo moja na nusu hivi, kibodi imara, na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi, inayobadilishwa kwa bisibisi. ThinkPad X280 ni nyepesi zaidi, kilo moja na robo hivi, ila RAM yake imeunganishwa kwenye bodi moja kwa moja. Ukiinunua na gigabaiti 4 utakufa na gigabaiti 4. Wepesi wa kupindukia mara nyingi hulipiwa namna hiyo. Gramu mia tatu zilizopunguzwa zimeondoka na nafasi ya fundi kuingiza mkono. Kwa mtu anayetaka mashine ya kudumu miaka mitano akiwa Heru Juu, mimi ningechagua ile nzito kidogo.

Dukani kuna kishawishi kingine: kompyuta mpya kabisa, ndani ya boksi, nyembamba, bei sawa na ya mtumba. Wengi hujinunulia amani kwa sababu ya lile boksi. Fungua maelezo yake. Ukikuta Celeron N4020, RAM ya 4 na hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 64, wati zake ni chache kweli, 6 tu kwa prosesa, lakini ina viini viwili, na vyote hivyo kwa kawaida vimeunganishwa kwenye bodi. Baada ya masasisho machache ya Windows hifadhi imejaa. Kwa hiyo wati ni swali la kwanza, na swali la pili ni kama mashine inaimaliza kazi yenyewe. Mpya yenye Intel N100, ya mwaka 2023, viini vinne na wati 6, ni habari nyingine kabisa ikiwa imekuja na RAM ya 8 na SSD.

Na kazi zenyewe siku hizi ziko kwenye kivinjari. Mwalimu mkuu anaingia FFARS kwa hesabu za shule, mtumishi anajaza utendaji wake PEPMIS, na msimu wa mikopo ya elimu ya juu ukifika, vijana wanajaa steshenari za Kasulu mjini wakituma maombi ya HESLB. Kila ukurasa uliofunguliwa hula RAM kwa mamia ya megabaiti. RAM ya 4 ikiisha, Windows huanza kuhamisha kazi kwenye diski, na hapo aina ya diski ndiyo inaamua kama utasubiri au utalia. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kumi hivi kutafuta kipande cha data. SSD huchukua chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Tofauti ni zaidi ya mara mia. Pesa ya kwanza ya kuongeza kwenye kompyuta ya mtumba iende kwenye SSD, ya pili kwenye RAM ifike 8.

SSD ina sababu nyingine huku kwetu, nayo ni bodaboda. Ndani ya diski ya zamani sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa pengo la nanomita chache. Mashine iliyofunikwa bila kuzimwa sawasawa, ikatiwa begini na kupitishwa kwenye makorongo ya barabara ya vumbi, inaweza kukigonga kichwa hicho kwenye sahani, na kazi ya mwaka mzima ikaondoka. SSD haina kitu kinachozunguka. Vumbi jekundu la kiangazi nalo hunyonywa na feni na kuziba matundu. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na watu hudhani kompyuta imezeeka. Mpelekee fundi aipulize kabla ya kufikiria kuiuza.

Hali ya hewa yetu, kwa upande mwingine, ni rafiki wa betri. Betri ya lithiamu huzeeka haraka ikikaa kwenye joto huku imejaa kabisa. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na betri huku hupumua kuliko Dar es Salaam. Ukifanya kazi muda mwingi ukiwa umechomeka, ingia kwenye mipangilio, weka kikomo cha chaji asilimia 80 pale mashine inaporuhusu.

Sasa tuje kwenye sola, maana wengi hawakuzitupa paneli zao baada ya kuvuta umeme, na walifanya vyema. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600, lakini ukitaka idumu usiivute chini ya nusu, kwa hiyo unazo 300. Ukipitia inveta, umeme unapandishwa hadi volti 230, kisha chaja ya kompyuta inaushusha tena hadi volti 20, na kila hatua inapoteza sehemu; juu ya hapo inveta yenyewe inakula ikiwa imewashwa bure. Njia fupi ni chaja ya gari yenye USB-C na uwezo wa wati 45 au zaidi, inayotoka volti 12 moja kwa moja. T480, 840 G5 na wenzao wengi tangu 2018 hupokea chaji kwa tundu hilo. Kwa hesabu hiyo betri ya nyumbani inaijaza kompyuta ya wati-saa 50 mara tano, na unabakiwa na ya taa. Wazo la kupanga darasa kuzunguka umeme mdogo lipo tayari wilayani Kasulu: katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, mpango wa Instant Network Schools wa UNHCR na Vodafone Foundation ulileta vishikwambi vinavyoendeshwa kwa sola. Vishikwambi vilivyogawiwa walimu nchini baada ya Sensa ya 2022 navyo vinafaa kusomea na kujazia fomu. Lakini anayesoma Chuo Kikuu Huria au Chuo cha Ualimu Kabanga na kuandika kurasa arobaini anahitaji kibodi.

Kizazi cha prosesa kina maana hata kwa programu: Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Kwa hiyo sokoni kuna mashine nyingi nzuri za kizazi cha sita na cha saba zinazouzwa rahisi kwa sababu zimeachwa. Kwa aliye tayari kujifunza Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, hizo ni nafuu ya kweli. Anayetegemea programu za ofisi za Windows asivutwe na bei.

Wengi wetu tunanunua kwa simu, muuzaji akiwa Kariakoo. Kabla ya kutuma pesa, mwombe picha tatu. Ya kwanza ni ukurasa wa mfumo unaoonyesha jina kamili la prosesa na RAM. Ya pili ni ripoti ya betri: afungue dirisha la amri, aandike powercfg /batteryreport, kisha akuonyeshe uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ikiwa imeshuka kutoka 50 hadi 20, jadili bei ya betri nyingine palepale. Ya tatu ni skrini ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, ikiwa imefunguliwa bila nenosiri, kwa sababu baadhi ya kompyuta za maofisi hutoka na kufuli za mwenye mali wa kwanza, na fundi wa Kasulu hana namna rahisi ya kuzifungua. Anayeuza kitu safi hatumii dakika kumi kukutumia picha hizo.