Vidanje nyumbani: tone la mafuta chini ya gari lisidharauliwe

Gari limefanyiwa vidanje nyumbani Jumamosi, na Jumapili asubuhi kuna alama nyeusi chini yake. Mjini Goma, Kivu ya Kaskazini, wako wenye magari wanaobadilisha mafuta ya moteri wenyewe ili kupunguza gharama. Wakiona alama hiyo, wengine humwaga maji ya sabuni na kufagia. Alama inaondoka, lakini swali linabaki: mafuta hayo yanatoka wapi?

Pengine si kitu. Filtri ya zamani inapofunguliwa, mafuta yaliyobaki ndani humwagikia vyuma vya chini ya moteri na kukaa humo. Gari likitembea, joto huyalainisha, yanadondoka siku moja au mbili, kisha yanaisha.

Lakini kuna sababu nyingine tatu. Ya kwanza ni bulo ya kumwagia mafuta, chini ya karteri: haikukazwa vizuri, au ilikazwa kwa nguvu nyingi hadi meno yakakatika. Ya pili ni rondele ya bulo hiyo. Ikishabanwa mara moja imelala. Ikirudishwa tena, mafuta yanaweza kupita pembeni.

Ya tatu ndiyo ya hatari zaidi. Mpira wa filtri ya zamani ukibaki umenata kwenye moteri, na filtri mpya ikafungwa juu yake, mipira miwili haishiki vizuri. Gari linaweza kulala bila kudondosha hata tone, kisha barabarani presha ikapanda na mafuta yakamwagika kwa dakika chache. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka, moteri izimwe mara moja baada ya kusimama pembeni. Moteri inayozunguka bila mafuta inakwama, na kuitengeneza ni ghali kuliko vidanje nyingi.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Bulo na filtri zinapanguswa kwa kitambaa hadi zikauke. Moteri inawashwa dakika tano, inazimwa, na katoni safi inawekwa chini usiku kucha. Asubuhi mafuta yanapimwa kwa kijiti chake, gari likiwa mahali tambarare. Matone yakipungua na kiwango kikibaki palepale, ni mabaki tu. Yakiongezeka, au bulo na filtri zikilowa tena, gari lisitembee mpaka litengenezwe. Na asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Lazima liegemezwe juu ya kitu imara.

Inabaki shida ya udongo. Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Mawe hayo yana nyufa na matundu, na kinachomwagwa juu yake hupenya haraka. Familia nyingi zinachota maji kwenye ziwa hilo hilo. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, inasema mafuta ya vidanje moja yanaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi, karibu lita milioni 4. Sabuni haiyamalizi mafuta, inayasukuma mtaroni.

Kwa alama iliyo chini, mchanga mkavu au unga wa mbao kutoka kwa seremala unatosha. Unamwagwa juu, unaachwa masaa kadhaa unyonye, kisha unafagiwa na kutiwa kwenye mfuko, mbali na moto. Mafuta ya zamani yanawekwa kwenye bidoni yenye kifuniko na kupelekwa kwenye garaji inayoyakusanya. Bidoni hiyo itiwe alama, watoto wasije wakaichukua kwenda kuchota maji.

Kwa vidanje ijayo, rondele mpya inunuliwe pamoja na filtri, na kabla ya kufunga, mkono upitishwe pale filtri inapokaa kuhakikisha mpira wa zamani umetoka.