MKATABA UKIBADILIKA, MALIPO YA SIKU ZA UGONJWA HUWAJE?

Wanachama wetu wengi wana watoto waliokwenda Tanga na Dar es Salaam kufanya kazi za mshahara, na mara nyingi fedha wanazoleta ndizo zinazolipia palizi ya mikarafuu. Mtoto akiugua huko na mshahara ukakatwa, shamba huku nalo huona dhiki. Kwa hivyo tumeona yafaa tujibu suali hili: mwajiri akibadili mkataba, je, mfanyakazi hupoteza malipo ya siku za ugonjwa?

Kwanza ifahamike kuwa mambo ya kazi si mambo ya Muungano. Aliyeajiriwa Unguja au Pemba hufuata Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005. Aliyeajiriwa Bara hufuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, nayo ndiyo tuielezayo hapa.

Sheria hiyo ya Bara humpa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36 ya kazi kwa mwajiri mmoja. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na 63 za pili nusu mshahara. Lazima alete cheti cha daktari, na awe ametimiza miezi 6 kazini. Ila mfanyakazi wa msimu hangojei miezi hiyo.

Haki hii ni kima cha chini. Mkataba mpya hata ukisema kwamba mgonjwa halipwi kitu, maneno hayo hayaishindi sheria. Na ikiwa mwajiri ni yule yule na kazi haikukatika, hesabu ya siku haianzi upya. Tuseme mtu aliugua siku 40, kisha akapewa mkataba mwengine ndani ya miezi ile ile 36. Zimembakia siku 23 za mshahara kamili na 63 za nusu. Hakupoteza, wala hakuongezewa.

Lakini pana jambo la kutahadhari. Mkataba wa zamani ukiwa bora kuliko sheria, kwa mfano ukilipa mshahara kamili kwa siku zote 126, ile ziada imetokana na mapatano. Mwajiri hana ruhusa ya kuiondoa peke yake. Yampasa ashauriane na mfanyakazi na amjulishe badiliko kwa maandishi. Lakini mfanyakazi akishatia saini kukubali, ziada hiyo yaweza kumtoka. Mkulima hakubali karafuu zake zipimwe asipoiona mizani. Naye mfanyakazi asitie saini karatasi asiyoisoma.

Mwajiri akikataa kulipa, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 60 tangu mgogoro kutokea. Akiwa ameachishwa kazi kabisa, muda ni siku 30 tu. Asikae akingoja ahadi za mdomo, kwani atakayechelewa itambidi kwanza aeleze sababu za kutosha.

Basi wazee, waambieni vijana wenu waweke mkataba wa zamani, mkataba mpya, vyeti vya daktari na hati za mshahara, na nakala moja ya kila karatasi waitume nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Katibu