Kutayarisha Toleo la Programu: Vifurushi Vinapogombana na Jinsi ya Kuvipatanisha

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta hapa makala za sarufi, fasihi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya kompyuta. Sababu ni kwamba mwaka 2024 idara yetu ilitayarisha programu ndogo ya mazoezi ya ngeli kwa ajili ya walimu wa shule za sekondari, na programu hiyo nusura ituaibishe mbele ya walimu hao. Wengi wametuuliza kulitokea nini. Tumeona ni vizuri kueleza kwa kirefu, maana yaliyotupata yanaweza kumpata mwalimu yeyote anayetaka kuwagawia wenzake programu.

Mambo yalivyokuwa

Semina ya walimu ilipangwa kuanza Jumatatu. Ijumaa alasiri tulikwenda kuiweka programu yetu katika chumba cha kompyuta. Katika kompyuta ya ofisini ilikuwa imefanya kazi kwa wiki kadhaa bila tatizo. Katika chumba kile ilikataa. Ujumbe ulisema kwamba inahitaji Python 3.11, lakini iliyopo ni 3.9.

Kompyuta ya ofisini ilikuwa na mfumo wa Debian 12, na zile za chumbani zilikuwa na Debian 11. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema, aliiunganisha kompyuta moja ya chumbani na ghala la Debian 12 ili ichukue Python mpya. Kompyuta ilitoa orodha ndefu ya vitu vitakavyoondolewa, ikauliza kama iendelee. Akajibu ndiyo bila kuisoma orodha. Ilipomaliza, programu yetu ilifunguka vizuri, lakini ile ya kuandikia hati ilikuwa imetoweka. Tulikuwa na siku mbili tu mbele yetu.

Kifurushi, ghala na utegemezi

Debian ni mfumo huria wa kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Programu zake hutolewa kama vifurushi. Kila kifurushi kina programu yenyewe pamoja na karatasi ya maelezo: jina lake, nambari yake, na vifurushi vingine kinavyovihitaji ili kifanye kazi. Haja hiyo ndiyo tunayoiita utegemezi. Vifurushi vyote huwekwa katika ghala moja kubwa, na chombo kiitwacho APT huvichukua humo. Ukiomba kifurushi kimoja, APT husoma karatasi yake, hutafuta kila kinachohitajika, na kuleta vyote kwa pamoja.

Mgongano hutokea pale ambapo maombi mawili hayawezi kutimizwa kwa wakati mmoja. Programu yetu ilidai Python 3.11 au zaidi. Vifurushi kadhaa vya Debian 11 vilidai Python isiyofika 3.10. Hakuna Python inayoweza kuwaridhisha wote wawili. APT haina uwezo wa kuamua nani ana haki. Inachoweza kufanya ni kupendekeza upande mmoja uondoke, na kumuuliza mwenye kompyuta. Kwa hiyo kosa halikuwa la APT. Ilituuliza, nasi tukajibu bila kusoma.

Mfano wa upatanisho wa kisarufi

Walimu wa Kiswahili wana njia rahisi ya kulielewa jambo hili. Tuchukue sentensi: Kitabu changu kipya kimepotea. Ukibadilisha nomino iwe vitabu, huwezi kuyaacha maneno mengine kama yalivyo. Ni lazima useme: Vitabu vyangu vipya vimepotea. Nomino moja imebadilika, na maneno yote yanayoitegemea yamebadilika pamoja nayo. Mwanafunzi anayeandika "vitabu changu kipya kimepotea" amefanya kosa lile lile tulilolifanya sisi: amechukua neno moja kutoka sentensi ya pili na kulichomeka katika sentensi ya kwanza.

Debian 11 ni sentensi moja iliyopatana. Debian 12 ni sentensi nyingine iliyopatana. Kila moja ni sahihi. Kuchanganya maghala yake mawili ndiko kulikoleta mgongano.

Toleo hutayarishwaje?

Hapa ndipo inapoonekana kwamba toleo si mkusanyiko wa vitu vipya kuliko vyote. Toleo ni mkusanyiko wa vitu vilivyothibitishwa kwamba vinapatana.

Watu wa Debian wana maghala matatu yanayofuatana. Kifurushi kipya huingia kwanza katika ghala lisilo thabiti, ambalo jina lake daima ni Sid. Humo hukaa siku chache, kwa kawaida kati ya 2 na 10 kulingana na uharaka wa badiliko. Kama hakikuleta kasoro mpya kubwa, na kama haja zake zote zinatimizika bila kuvunja vingine, huhamia katika ghala la majaribio. Kifurushi kinachotegemewa na vingi kikibadilika sana, vile vinavyokitegemea hutengenezwa upya na vyote huhamia pamoja, kama maneno ya sentensi yetu.

Wakati wa kutoa toleo unapokaribia, ghala la majaribio hugandishwa hatua kwa hatua. Kwa Debian 12, kugandisha kulianza Januari 2023 kwa kuzuia mabadiliko makubwa, kisha Februari na Machi masharti yakakazwa zaidi. Toleo lilitoka tarehe 10 Juni 2023, likiwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Karibu miezi mitano ilitumika hasa kusahihisha makosa. Zamani kazi hii ilichukua muda mrefu zaidi: kati ya toleo la Julai 2002 na lile la Juni 2005 ilipita karibu miaka mitatu.

Tulivyotatua

Jumamosi asubuhi tulijiuliza swali ambalo tungepaswa kujiuliza mwanzo: je, programu yetu inahitaji kweli Python 3.11? Tuliikagua mstari kwa mstari. Tukaona hapana. Nambari hiyo tuliiandika kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa katika kompyuta ya ofisini. Palikuwa na sehemu moja tu iliyotumia neno "match", ambalo lilianza katika Python 3.10. Tuliiandika upya sehemu hiyo kwa kutumia "if" ya kawaida, kisha tukarekebisha karatasi ya maelezo isomeke 3.9 au zaidi. Mgongano uliisha bila kuondoa kitu.

Hatukuishia hapo. Tulichukua kompyuta kuukuu, tukaiwekea Debian 11 safi isiyo na nyongeza yoyote, tukaijaribu programu. Ikakataa tena! Safari hii ilikosa kifurushi cha python3-tk, ambacho huchora madirisha na vitufe. Ofisini kiliwekwa zamani kwa kazi nyingine, nasi tukasahau kukitaja. Tulikitaja, tukajaribu upya, ikafunguka.

Ile kompyuta iliyoharibika tuliiwekea mfumo wake wote upya, maana kurudisha vifurushi katika nambari za chini si jambo ambalo Debian inalihakikisha. Jumatatu walimu walifanya mazoezi yao bila kujua tulivyolala.

Mafunzo tuliyoyapata

1. Taja kila unachohitaji, wala usidai zaidi ya unachohitaji.

2. Jaribu programu katika kompyuta safi inayofanana na ya mtumiaji. Kompyuta ya mtengenezaji huficha upungufu.

3. Usichanganye maghala ya matoleo mawili. Amri ya "apt-cache policy" hukuonyesha kifurushi kinatoka ghala gani.

4. Kabla ya kujibu ndiyo, soma orodha ya vitakavyoondolewa. Amri ya "apt-get -s install" huonyesha yatakayotokea bila kugusa chochote.

5. Weka siku ya kugandisha. Sisi tulikuwa bado tunaongeza mazoezi Alhamisi jioni. Siku hizi tunaacha kuongeza kitu wiki mbili kabla.

Neno moja la istilahi kabla ya kumaliza. Katika Kiswahili neno "toleo" hutumika kwa kazi iliyotolewa rasmi na pia kwa nambari ya programu. Katika makala hii tumelitumia kwa maana ya kwanza tu, na kwa maana ya pili tumesema "nambari". Wenzetu walio na pendekezo bora zaidi watuletee, tutalijadili katika kikao cha idara.