Wahunzi wa Vishindo na Adabu ya Kuvunja

Mwezi wa Septemba 1992, bendi ya roki ya Marekani iitwayo Nine Inch Nails, ambayo kwa hakika zama zile ilikuwa nyumba ya mtu mmoja, Trent Reznor, ilitoa sahani fupi yenye ghadhabu nyingi iliyopewa jina la Broken, maana yake kilichovunjika. Na kabla ya mwaka kufunga, mwezi wa Desemba, ikatoka sahani ya pili yenye nyimbo za ile ya kwanza zilizopitia mikono ya mafundi wengine, nayo ikaitwa Fixed, yaani kilichotengenezwa. Mnunuzi aliyeliamini jina hilo, akatarajia kukuta nyufa zimezibwa na makali yamepigwa tupa, alikuta nyimbo zimepondwa kuliko zilivyokuwa, maneno yamekatwa katikati, na magitaa yamegeuka mvumo wa mitambo. Mgeni wa jamii ya wapigaji wa muziki huu alidhani kwamba mwenye nyimbo ametendewa jeuri. Mwenyeji alijua kwamba ametendewa heshima, na kwamba heshima hiyo aliiomba mwenyewe.

Nataka kuieleza desturi hiyo ya kuvunja, kwa sababu watu wengi huwahukumu wapigaji wa muziki wa makelele na wa viwanda kwa masikio peke yake, wakawaona kuwa ni kaumu isiyo na adabu, hali ya kuwa adabu wanayo, tena ya kale kuliko wanavyodhaniwa.

Jamii yao haina kijiji wala kabila, lakini ina nasaba, na nasaba hiyo huhifadhiwa kwa uangalifu kama silsila za wanachuoni, fulani akipokea kwa fulani. Ukoo mmoja mkubwa huanzia London mwaka 1975, walipokutana watu wanne, Genesis P-Orridge, Cosey Fanni Tutti, Peter Christopherson na Chris Carter, wakaunda kundi la Throbbing Gristle, na wakajiwekea karakana katika mtaa wa Martello, huko Hackney, ambayo waliiita Kiwanda cha Mauti. Mwaka uliofuata wakaanzisha nyumba yao ya kutoa santuri, Industrial Records, na jina hilo la viwanda likawaenea wote waliokuja nyuma yao. Hawakutoka katika vyuo vya muziki: Christopherson kazi yake ilikuwa kubuni majalada ya santuri za watu wengine, na Carter alikuwa hodari wa kuunga vyombo vya umeme kwa mkono wake. Berlin ya Magharibi, mwaka 1980, kikazuka kikundi cha Einstürzende Neubauten, ambacho kilipanda jukwaani na mabati, springi, vyuma chakavu na mashine za kutobolea ukuta, kikavifanya kuwa ngoma. Na huko Tokyo, tangu 1979, Masami Akita alikuwa ameanza kazi aliyoipa jina la Merzbow, kwa kumkumbuka Kurt Schwitters, msanii wa Kijerumani aliyejenga ndani ya nyumba yake mjini Hannover jengo la ajabu kwa takataka na vipande vilivyookotwa. Jina hilo peke yake linatosha kumfunulia mtu itikadi ya kaumu hii, ya kwamba kilichotupwa hakijaisha kazi.

Katika miaka ya 1980 watu hawa waliishi kwa posta. Kaseti ilinakiliwa nyumbani, moja baada ya nyingine, jalada lake likapigwa fotokopi na kukunjwa kwa mkono, kisha ikatiwa katika bahasha na kusafirishwa kwa mtu ambaye aliyeituma hajapata kumwona uso; na aghalabu malipo ya kaseti yalikuwa kaseti. Kilichofika kwa njia hiyo kilisikilizwa, lakini pia kilihesabiwa kuwa malighafi, na mpokeaji hakuona haya kukikata, kukirudisha nyuma, kukitia ndani ya kazi yake, na kukirejesha kwa mwenyewe kikiwa kimebadilika. Katika hilo walikuwa na waalimu wawili wasiofanana hata kidogo. Wa kwanza alikuwa mwandishi William Burroughs, aliyekata kurasa na kanda kwa mkasi na kuziunganisha upya ili maana iliyojificha ijitokeze, na ambaye kanda zake Industrial Records ilizitoa mwaka 1981. Wa pili walikuwa mafundi wa Jamaika, na hasa yule wa Kingston aliyejulikana kwa jina la King Tubby, fundi wa redio na vyombo vya umeme, ambaye aliichukua rege iliyokwisha rekodiwa, akaitoa sauti ya mwimbaji, akaacha ngoma na besi peke yake, na mwangwi ukaranda baina yao kama mtu apitaye katika nyumba tupu. Elimu hiyo ya Jamaika ilivuka bahari pamoja na wahamiaji hadi Uingereza, na mmoja wa waliojifunza kwayo, Adrian Sherwood, ndiye aliyetia mkono katika wimbo wa kwanza wa Nine Inch Nails uliotolewa mwaka 1989. Kwa hiyo Reznor, ambaye alianza kwa kufagia na kupiga deki katika studio moja mjini Cleveland, akipewa rukhsa ya kutumia mitambo yake usiku, aliikuta desturi ya kuvunja mlangoni mwa sanaa yake, nayo ikamlea.

Sasa na tuitazame desturi yenyewe kwa karibu. Zama zile wimbo wa roki ulirekodiwa juu ya ukanda mpana wenye mifereji mingi, ngoma ikipita katika mfereji wake, besi katika wake, kila gitaa katika wake, na sauti ya mwimbaji, pamoja na pumzi zake na kukohoa kwake kabla ya ubeti, katika mfereji wake pia. Na santuri tununuayo ni mifereji hiyo iliyochanganywa ikawa mto mmoja. Mwenye wimbo anapomwita mwenzake aufue upya, kama mhunzi afuavyo chuma, humpa ile mifereji ikiwa bado imetengana. Hiyo ni amana kubwa, kwa sababu atakayeipokea ataisikia sauti uchi, iliyovuliwa gitaa la kuisitiri, na ataujua udhaifu ambao mchanganyiko uliufunika. Watu hawapeani vitu vya namna hiyo bila ya kuaminiana. Na aliyeaminiwa, kwa mila yao, hukosa adabu akirudisha wimbo uleule uliopakwa rangi kidogo, kwa kuwa kufanya hivyo ni sawa na kualikwa karamuni na kuonja kwa ncha ya ulimi.

Miongoni mwa walioitwa kuifanya Fixed walikuwa kundi la Coil la Uingereza, yaani John Balance na yule yule Peter Christopherson wa Kiwanda cha Mauti, wakishirikiana na Danny Hyde. Waliuchukua wimbo wa Gave Up wakaikatakata sauti ya Reznor vipande vidogo vidogo, vikawa vinagongana kama sindano ya santuri iliyonasa katika mfuo, hata msikilizaji hutambua ukali wa maneno kabla hajatambua ni maneno gani. Ni kazi ya mkono wa mzee aliyekwisha fanya hayo tangu kanda zilipokuwa zikikatwa kwa wembe. Miaka mitatu baadaye, kwa ajili ya sahani ya Further Down the Spiral iliyozifua upya nyimbo za albamu ya The Downward Spiral ya 1994, Coil walirudi tena. Na katika mwaka huo huo wa 1995 kazi yao juu ya wimbo wa Closer ilifungua filamu ya Se7en ya David Fincher, ambapo mdundo huburura miguu, chuma husaga chuma, na sauti ya mwimbaji haisikiki ila mwishoni kabisa. Ajabu ni kwamba pigo la ngoma la Closer lenyewe Reznor alikuwa amelinasa kutoka wimbo wa Iggy Pop wa 1977, akalibadilisha. Basi kilichovunjwa kilikuwa kimejengwa kwa kipande cha nyumba ya mtu mwingine.

Si kila mgeni huchunga mpaka. Katika Further Down the Spiral mwanamuziki Aphex Twin alileta vipande ambavyo ndani yake sikio langu halioni alama ya wimbo wowote wa Reznor, na ingawa ni vizuri, naamini kwamba hapo desturi imepunguka, maana anayeufua upya wimbo wa mtu humbakishia mwenyewe walau mfupa mmoja autambue.

Msomaji wa Kiswahili hatakosa kuikumbuka takhmisa, ambayo kwayo mshairi huzichukua beti za mwenzake zenye mishororo miwili miwili, akaitanguliza yake mitatu, ubeti ukawa wa watano. Na Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, imeheshimiwa pwani yetu vizazi na vizazi bila ya mtu kusema kwamba Liyongo ameibiwa. Tofauti ni kubwa, nami siifichi: mtunzi wa takhmisa haligusi neno la mwenziwe, huku wahunzi wa vishindo wakilivunja hilo neno lenyewe. Lakini adabu iliyo chini ya kazi hizo mbili ni moja, kwamba jina la wa kwanza hubaki mbele, na wa pili huingia kwa heshima. Hata hesabu huonyesha hivyo. Nine Inch Nails huzipa kazi zake namba kwa mfuatano. Broken ni ya 5 na Fixed ni ya 6, The Downward Spiral ni ya 8 na Further Down the Spiral ni ya 10. Sahani iliyofuliwa na wageni haikuwekwa uani. Imehesabiwa pamoja na ndugu zake, kwa zamu yake ya kuzaliwa.

Kutokana na kazi hiyo huzaliwa udugu. Fear Factory, bendi ya metali ya Los Angeles, ilimpa Rhys Fulber wa Front Line Assembly ya Vancouver nyimbo zake, zikatoka mwaka 1993 katika sura mpya zenye mashine. Na albamu iliyofuata, Demanufacture ya 1995, ilimkuta Fulber amekwisha ingia ndani, akipiga vinanda na kusaidia kuichanganya. Justin Broadrick wa Godflesh, mjini Birmingham, alikwenda mbali zaidi akajivunja mwenyewe, kwa kuifua albamu yake ya 1996 kwa namna ya Kijamaika mwaka uliofuata. Na Reznor, mwaka 2005, aliufungua mlango kwa kila mtu: wimbo wa The Hand That Feeds aliutoa bure, mifereji ikiwa imetengana, ili kijana yeyote mwenye kompyuta aupasue na kuujenga apendavyo. Amana ambayo hapo zamani ilipitishwa baina ya mafundi wachache ikawa mali ya umma, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo cha ukarimu kilicho kikubwa kuliko vyote alivyovifanya.

Balance alifariki mwaka 2004. Kazi alizofanya na wenzake juu ya nyimbo za Nine Inch Nails, pamoja na zile zilizobaki sandukuni, zilikusanywa na kutolewa mwaka 2014 kwa jina la Recoiled. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2010, Reznor alianzisha kundi jipya pamoja na mkewe, Mariqueen Maandig, na rafiki yake Atticus Ross, na kama watu wetu wampavyo mtoto jina la babu, akaliita How to Destroy Angels, ambalo ni jina la santuri ya kwanza ya Coil, ya mwaka 1984. Kundi hilo lilitoa kazi yake ya kwanza katikati ya mwaka. Christopherson alikuwa hai; alifariki mjini Bangkok mwezi wa Novemba.