Pikipiki ya Lami na Matope

Ukitoka Nairobi Jumapili asubuhi kuelekea Kiserian na Magadi, huenda ukapitwa na pikipiki zilizoinuka juu, zimetapakaa matope, lakini zina taa, indiketa na nambari ya usajili kama gari lolote. Hizi si za mashindano. Aina hii ilivuma Yamaha ilipotoa DT-1 ya cc 250 mwaka 1968.

Hatari, msomaji, haiko porini tu. Tairi ya meno makubwa huung'ata udongo vizuri, lakini kwenye lami iliyolowa ni mpira kidogo tu unaogusa barabara. Mwandishi huyu aliwahi kuteleza kwenye kona, tairi zikiwa bado na upepo mdogo, maana alikuwa ameupunguza kule milimani ili zishike changarawe. Goti lilichubuka. Lori lililokuwa nyuma lilisimama hatua chache tu kutoka alipoanguka!

Tangu siku hiyo pampu ndogo haitoki mkobani. Kabla ya kuingia lami hujaza upepo, na kwenye kona hupunguza mwendo mapema. Sheria ya mwaka 2012 humtaka abiria naye avae kofia ngumu na koti lenye viakisi mwanga. Mwanawe wa miaka 10 ameshauliza atabebwa lini. Bado hajajibiwa.