Kisu Kipya, Makali ya Wiki Mbili

Tarehe 23 Agosti 1887 Uingereza ilipata sheria mpya ya alama za bidhaa, na miongoni mwa waliopiga kelele hadi ikapatikana walikuwa watengenezaji wa visu wa Sheffield. Visu na mikasi kutoka Solingen, Ujerumani, vilikuwa vikiuzwa vikiwa na mhuri wa Sheffield, na baadhi vilikuwa vya chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, ambacho hakishiki makali hata kikinolewa kutwa nzima. Sheria ikataka bidhaa za kigeni zilizobeba alama za Kiingereza zitaje nchi zilikotoka. Ndiyo asili ya maneno "Made in Germany". Yaliwekwa ili kumwonya mnunuzi, lakini watu wa Solingen wakarekebisha kazi yao mpaka jina lao nalo likaanza kughushiwa. Mwaka 1938 Ujerumani ikatunga sheria ya kulilinda, na kanuni ya 1994 iliyofuata inataka hatua zote kuu za kutengeneza kisu zifanyike katika eneo la Solingen kabla jina hilo halijagongwa kwenye ubapa.

Mnunuzi wa leo, awe Kariakoo au Mombasa, bado anasoma mhuri kwanza. Kwenye boksi pameandikwa "German Steel", naye anaondoka akiamini amenunua kisu cha Ujerumani. Maneno hayo hayasemi hivyo. Yanaweza kumaanisha tu kwamba mchanganyiko wa chuma unafanana na ule wa viwanda vya Kijerumani, na kisu chenyewe kikawa kimetengenezwa kwingine kabisa. "Surgical Steel" nayo haitaji chuma chochote mahususi, na "Stainless" inajibu swali moja tu, la kutu. Wiki mbili baadaye nyanya inapondeka badala ya kukatika, na mwenye kisu anashangaa kwa sababu bado kinang'aa vilevile.

Kuhimili kutu na kukata ni mambo mawili, na aliyejifunza hilo kwa uchungu ni mtaalamu wa vyuma Harry Brearley. Mwaka 1913, akiwa Sheffield, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Alipata chuma chenye kromiamu karibu asilimia 13 ambacho tindikali haikukiathiri kwa urahisi, akaona kitafaa kwa visu vya mezani. Wafua visu wa kwanza waliokijaribu walikipa moto waliouzoea, ule wa chuma cha kaboni, na visu vikatoka vibovu. Brearley akapachikwa jina la mvumbuzi wa visu visivyokata. Ni Ernest Stuart, msimamizi katika kiwanda cha visu cha R. F. Mosley, aliyeendelea kujaribu hadi akapata moto unaokifaa chuma hicho. Chuma kilikuwa kilekile tangu mwanzo. Kilichobadilika ni jinsi kilivyopashwa moto.

Hapo ndipo ilipo siri ya hasara nyingi za visu. Makali hutegemea kaboni iliyomo ndani ya chuma, lakini kaboni hiyo haifanyi kazi mpaka chuma kipashwe moto mkali, kipozwe ghafla, kisha kipashwe tena kwa moto mdogo ili kisiwe kigumu cha kuvunjika. Moto usipofika, kisu kinabaki laini. Ukizidi, chembe za chuma hukua na makali humomonyoka. Viwanda hupima matokeo kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell: visu vingi vya jikoni vya Kijerumani huwa kati ya 54 na 58, vya Kijapani mara nyingi huanzia 60, na vya bei ya chini kabisa vinaweza kuwa 52 au pungufu. Tofauti ya nambari tatu au nne inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila mpishi huijua ndani ya siku chache. Jicho haliwezi kuiona dukani, maana kisu laini na kisu kigumu hung'arishwa kwa namna moja.

Namba za aina ya chuma zilizogongwa kwenye ubapa nazo husaidia nusu tu. Chukua 440, ambayo imewavutia wanunuzi kwa miongo mingi. Ziko aina tatu. 440A ina kaboni kati ya asilimia 0.60 na 0.75, na 440C ina kati ya 0.95 na 1.20; 440B iko katikati yake. Aina ya C ndiyo iliyoijengea namba hiyo heshima, lakini visu vingi sokoni vina 440 peke yake, bila herufi, na mnunuzi hujijazia herufi anayoitaka. Chini yake ziko 420J2 na 3Cr13, zenye kaboni ya karibu asilimia 0.3. Hazishiki kutu kirahisi, hazivunjiki, na bei yake ni ndogo, ila makali yake hulala upesi. Anayeuza kisu cha namna hiyo kwa bei yake halisi hajamdhulumu mtu. Dhuluma huanza pale kinapowekwa kwenye boksi la mbao lenye mchoro wa mpishi na kuuzwa mara tano ya thamani yake.

Kwa hiyo si ajabu kisu cheusi kisicho na jina, kilichofuliwa na fundi wa jua kali kutokana na springi ya gari, kikakishinda kile cha kwenye boksi. Springi nyingi za magari hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kabisa kushika makali mazuri. Fundi anayejua rangi ya moto wake, anayezamisha chuma ndani ya mafuta kwa wakati wake na kukipasha tena taratibu, hutoa kisu cha kuaminika. Lakini kuna wanaofua visu kwa nondo za ujenzi, na nondo za kawaida zina kaboni kidogo mno, kiasi kwamba hakuna moto utakaozifanya ngumu. Visu hivyo viwili vikilazwa kwenye turubai moja vinafanana. Mnunuzi ana haki ya kumwomba fundi apitishe tupa kidogo karibu na makali. Tupa ikila chuma kwa urahisi kama inavyokula msumari, kisu hicho kiachwe hapo hapo. Ikiteleza au ikikwaruza kwa shida, moto wake ulikuwa wa kweli.

Kuna hasara nyingine isiyotokana na chuma wala moto: unene. Wengi hupima ubora kwa uzito. Kisu kizito, chenye mgongo mpana, kinaonekana cha maana mkononi. Kikifika kwenye muhogo au kiazi kitamu, kinaingia nusu na kukwama, kisha kinapasua badala ya kukata. Kinachoamua ni unene wa chuma juu kidogo tu ya makali, si pembe ya makali yenyewe peke yake, kwa hiyo kisu kinene kitanolewa hadi kinyoe nywele za mkono na bado kitahangaika kwenye karoti. Ushahidi mzuri ni visu vya Kiwi kutoka Thailand. Ni vya bei rahisi, chuma chake ni cha kawaida na huhitaji kunolewa mara kwa mara, lakini vimetengenezwa vyembamba sana, na wapishi wengi huvipenda kuliko visu vinavyouzwa kwa bei kubwa zaidi. Wanaokwenda dukani wakitafuta kisu kizito wangefanya vema kugeuza kisu, kukitazama kwa upande wa ncha, na kuona jinsi kinavyokonda kuelekea makali.

Biashara ya macho imefika mbali zaidi kwenye visu vinavyoitwa vya damasko. Ubapa wa kweli wa tabaka hutengenezwa kwa kuunganisha vyuma tofauti kwa moto na nyundo, na tindikali ndiyo inayofichua mawimbi yake. Siku hizi mawimbi yanachorwa kwa leza juu ya chuma cha kawaida. Alama ya kuyatambua ni rahisi: tabaka za kweli hufuata umbo la ubapa na huonekana hata mgongoni, ilhali mchoro wa leza hujirudia sawasawa pande zote na hufutika taratibu kwa kusuguliwa. Hata hivyo, hata tabaka za kweli ni pambo kwa sehemu kubwa. Katika visu vingi vya jikoni vya aina hiyo, kinachokata ni chuma cha katikati, na hakina mawimbi yoyote.

Mwaka 1978 televisheni za Marekani zilianza kuonyesha kisu kilichokata kopo la bati kisha kikakata nyanya. Kiliitwa Ginsu, jina lililobuniwa na watangazaji lisikike kama la Kijapani, ingawa kisu kilitengenezwa Fremont, Ohio. Maonyesho hayakuwa uongo. Makali ya meno hugusana na ubao kwa ncha zake tu, hivyo mabonde yaliyo kati ya meno hubaki makali muda mrefu. Lakini kisu hicho kinakereza zaidi kuliko kukata, na ncha zikishaisha hakuna jiwe la nyumbani litakaloyarudisha meno. Kwa mkate kinafaa sana. Kwa vitunguu vya pilau ya watu hamsini ni adhabu.

Wakati mwingine kisu ni kizuri na kazi ndiyo isiyo yake. Kisu cha Kijapani cha ugumu wa 61, chenye makali membamba, kinapasua samaki na mboga vizuri ajabu. Kikipewa mfupa wa kuku, nyama iliyoganda au kifuu cha nazi, makali yake yanameguka vipande, na mwenyewe analalamika kuwa ameuziwa kitu kibovu. Visu vya kauri, vinavyotengenezwa kwa oksidi ya zirkoni, vina tabia hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi: vinadumu na makali kwa muda mrefu sana, ila vikianguka kwenye sakafu ya vigae vinavunjika, na jiwe la kawaida haliwezi kuvinoa. Kisu cha kukunja cha Opinel cha Ufaransa, kinachotengenezwa tangu 1890, hulalamikiwa kwamba hakifunguki. Mpini wake ni wa mbao, na mbao ikinywa maji hufura na kuubana ubapa. Kukilowesha kwenye karai usiku kucha ndilo kosa.

Mpini hustahili kutazamwa kwa sababu nyingine pia. Filamu ya *First Blood* ya 1982 ilimpa Rambo kisu cha mpini wa bomba kilichobuniwa na Jimmy Lile, na masoko yakajaa visu vya kuigiza vyenye dira na njiti za kiberiti ndani ya mpini. Ndani ya bomba la visu hivyo vya kuigiza, msuka, yaani sehemu ya ubapa inayoingia kwenye mpini, ulikuwa kipande kifupi kilichoshikwa kwa skrubu, na hapo ndipo vilipovunjika. Lakini msuka mfupi si kasoro siku zote. Visu vingi vya bucha vya Victorinox vina msuka uliofichwa ndani ya plastiki na hufanya kazi miaka mingi. Cha kuogopa ni ribiti za mapambo, zilizobandikwa kwenye mpini wa plastiki bila kushika kitu chochote.

Kabla ya kukihukumu kisu kipya, kuna jambo moja ambalo wauzaji wachache hulisema. Makali ya kiwandani mara nyingi hunolewa kwa mkanda unaozunguka kwa kasi, bila maji ya kutosha. Ncha yenyewe ya makali, nyembamba kuliko unywele, hupata joto na kulainika, au huachwa na utepe wa chuma uliokunjika ambao hukata vizuri siku ya kwanza na kuanguka baada ya siku chache. Chuma cha ndani kiko salama. Kisu kikinolewa mara mbili tatu kwenye jiwe lenye maji, sehemu hiyo iliyoharibika huondoka na kisu huanza kushika makali kama kilivyokusudiwa.

Fundi wa mtaani mwenye jiwe la baiskeli anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri, kwa sababu jiwe lake huzunguka polepole. Hatari iko kwenye grainda ya umeme. Cheche zinaporuka na ukingo wa kisu cha kaboni kugeuka rangi ya samawati, chuma hapo kimefika takriban nyuzi 300 za Selsiasi, juu ya moto ule mdogo wa mwisho uliokizuia kisu kisiwe kigumu cha kuvunjika. Sehemu hiyo imelainika, na kuinoa tena hakuirudishii kitu. Inabidi iondolewe yote, taratibu na kwa maji, hadi kufikia chuma ambacho hakikuungua.