Kina au Usawa wa Maji?

Miongoni mwa istilahi za Kiingereza zinazowasumbua wafasiri wetu ni "water level". Magazetini, na hata katika matangazo ya serikali, mara nyingi hufasiriwa kuwa "kina cha maji". Tafsiri hiyo imezoeleka lakini haifai, kwani kina ni umbali kutoka uso wa maji hadi chini, ilhali istilahi hii yaeleza mahali uso wenyewe ulipofikia, ukilinganishwa na alama isiyohama.

Chukua Ziwa Viktoria. Mwezi wa Mei 2020 kipimo cha Jinja, nchini Uganda, kilionyesha mita 13.42, yaani sentimita moja kupita rekodi ya 1964. Mtu akiandika kwamba kina cha ziwa kilikuwa mita 13.42 atampotosha msomaji, kwa kuwa penye kina kirefu kabisa ziwa hilo hukaribia mita 80. Tarakimu ile yahesabiwa kutoka sifuri ya kipimo, wala si kutoka matopeni.

Chini ya ardhi jambo hili huwa zito zaidi. Tuseme kuna kisima katika kata ya Mabawe, wilayani Ngara. Kiangazi kikikaza, maji hushuka na kamba ya ndoo hurefushwa. Afisa aandikaye kwamba "kina cha maji kimeongezeka" aweza kukusudia kuwa maji sasa yako mbali zaidi na mdomo wa kisima; mwenyekiti wa kijiji aisomapo taarifa hiyo ataelewa kuwa maji yamekuwa mengi. Sentensi ni moja, maana zapingana, na uamuzi wa kuchimba kisima kingine wategemea ipi imeshika. "Usawa wa maji umeshuka" haina utata huo.

Katika wilaya hiyo hiyo, Mto Ruvubu unakutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, palipojengwa kituo cha umeme cha megawati 80 kwa ajili ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Mpango wa awali ulikuwa wa bwawa ambalo lingepandisha maji na kufunika ardhi kubwa. Baadaye ulibadilishwa ili kutumia mtiririko wa mto wenyewe. Mkulima wa bondeni akielezwa kina, hajui kama shamba lake litazama. Akielezwa usawa, mpima ardhi aweza kumpigia kigingi shambani akaona mwenyewe.

Mfasiri aliyelelewa pwani asivutwe na "bamvua". Neno hilo ni zuri, lakini ni la bahari ifuatayo mwezi; Ruvubu hufuata mvua. Hapo "usawa wa juu wa maji" watosha.

Yaweza kudaiwa kwamba "usawa" tayari ni neno la haki za watu. Ni kweli, lakini kila mwanafunzi wa jiografia amekwisha kuusoma "usawa wa bahari", na hatukusikia akichanganyikiwa. Linalohitajika ni kutaja daima alama inayohesabiwa: mita kadhaa katika kipimo cha Jinja, au mita kadhaa juu ya usawa wa bahari. "Kina" libaki pale mtu anapouliza kama mto waweza kuvukwa kwa miguu.